Nani Alisema Mtoto wa Sirari ni Mzito?

Wadau, samahanini kwa ukimya. Nilikuwa nyumbani Sirari siku tisa, tena nilikwenda kwa msiba, siyo likizo. Nimerudi Dar na jambo limenikaa kooni. Nilipomgusia mhariri wangu alinijibu kwa sentensi moja tu: "Sayansi haiuzi gazeti." Haya, kama haiuzi gazeti basi nalimwaga hapa bure.

Basi bwana, siku ya tatu nilikuwa nimesimama kando ya barabara, karibu kabisa na mpaka. Ikanipita pikipiki imebeba mchele hadi taa ya nyuma haionekani. Ikafunga breki ghafla. "Mura! Ni wewe?" Nikamtazama mara mbili. Ni yule jamaa tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la pili hadi la nne. Sikuwa nimemwona kwa miaka mingi.

Tukaingia kwenye kibanda kunywa chai. Simu yake haikutulia. Mtu wa Isebania anataka magunia, mwingine anauliza bei, mwingine anadai chenji ya juzi. Jamaa anajibu bila kalamu. Anabadili shilingi ya Kenya kuwa ya kwetu, anatoa mafuta ya pikipiki, anatoa cha wapakiaji, anakuambia kinachobaki kabla mimi sijafungua kalkuleta ya simu. Nilimfuatilia kimya kimya mara tatu nione kama anabahatisha. Mara zote tatu alikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho.

Huyu ndiye aliyekuwa "mzito" wa darasa letu.

Akiwa na miaka mitano alipata homa kali, akashikwa na degedege, akalala siku mbili hajitambui. Akapona. Alipoanza shule alikuwa anachelewa kujibu. Akiulizwa kwa Kiswahili alikuwa kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka chini ya meza, kwa sababu kwao walikuwa wanaongea Kikuria asubuhi hadi usiku. Mwalimu mmoja akatangaza mbele ya darasa zima kwamba huyu degedege imeshammaliza kichwa, asiwapotezee wenzake muda. Mtihani wa darasa la nne akafeli. Akarudia. Akafeli tena. Baba yake akasema ng'ombe hawaulizi cheti. Ikaishia hapo.

Nikamuuliza, "Hivi baada ya ile degedege kuna mtu aliwahi kukupima?" Akacheka. "Kunipima nini, damu?" Nikamwambia hapana, kukupima akili. Kujua kama kuna kitu kiliharibika, ni kipi, na kipi kilibaki kizima. Akanitazama kama chai imenilewesha.

"Mura, kwani kuna mtu anafanya kazi hiyo?"

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi kwenye basi kutoka Tarime hadi Ubungo.

Jibu ni kwamba wapo watu wanaofanya kazi hiyo. Ni taaluma kamili, ina maprofesa, maabara na majarida yake. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita nyurosayansi ya ukuaji wa akili, yaani sayansi inayochunguza ubongo wa mtoto unavyokua, na jinsi anavyopata uwezo wa kukumbuka, kusema, kusoma, kuhesabu na kujizuia. Inakaa njia panda, pale ambapo tiba, saikolojia, isimu, uhandisi na takwimu vinakutana. Wengine wanamvalisha mtoto kofia yenye vihisio vinavyosoma umeme wa ubongo. Wengine wanatumia kofia yenye mwanga mdogo unaopita kwenye fuvu na kuonyesha damu yenye oksijeni inakwenda sehemu gani mtoto anaposikia sauti ya mama yake. Wengine hawana kofia yoyote, wana vitu vya kuchezea, picha na saa ya kuhesabia sekunde.

Sasa turudi kwa jamaa yangu. Neno "mzito" lilifunika mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Huenda ugonjwa ulimjeruhi ubongo. Huenda ubongo wake ulikuwa salama ila aliulizwa kwa lugha ambayo bado si yake. Au huenda vyote vilikuwa sawa, ila hakuna aliyekaa naye hata nusu saa kumwonyesha namna ya kujibu. Mimi si daktari na sijui lipi lilikuwa la kwake. Ninachogomba ni kwamba hakuna aliyejisumbua kuyatenganisha.

Tuanze na la ugonjwa. Degedege ya homa ya kawaida mara nyingi haimwachii mtoto kilema. Malaria iliyopanda kichwani ni habari nyingine. Pale Kampala, katika Hospitali ya Mulago, watafiti wa Uganda na Marekani waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya kichwani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008: baada ya miaka miwili, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au uwezo mwingine wa akili. Kwa watoto wa mitaa ile ile ambao hawakuugua hivyo, alikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Mmoja wa watu waliobeba kazi hiyo ni Paul Bangirana, mwanasaikolojia Mganda wa Makerere. Yeye na wenzake hawakuishia kuhesabu majeruhi. Walijaribu kuwapa watoto hao mazoezi ya akili kwa kompyuta, na baadhi ya vipimo vikapanda.

Soma tena hapo. Watoto waliopona, ambao sisi tungewaita wazito na kuwapeleka machungani, walipewa mazoezi na baadhi ya uwezo wao ukapanda. Ng'ambo ya pili ya ziwa hili hili! Malaria yao na yetu ni moja, mbu wetu hawana pasipoti. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na mtu aliyesomea jambo hilo.

La pili ni kipimo chenyewe. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester. Akawapa karatasi na kalamu wanakili maumbo, Waingereza wakashinda. Akawapa waya wa kukunja, Wazambia wakashinda. Akawapa udongo wa kufinyanga, wakalingana. Watoto ni wale wale, ubongo ni ule ule! Aliyeleta kalamu peke yake angeondoka anasema mtoto wa Lusaka ni mzito. Nani kati yetu tuliokulia Sirari hakutengeneza gari la waya lenye usukani unaokata kona? Nani aliwahi kupewa alama kwa gari lile?

Na ukivuka hadi Usenge, upande wa Wajaluo kule Kenya, timu ya Robert Sternberg iliwapima watoto ujuzi wa dawa za miti shamba wanazotumia wenyewe wakiumwa tumbo au wakipata homa. Matokeo yalitoka mwaka 2001: waliokuwa hodari wa dawa walielekea kupata alama ndogo kwenye msamiati wa Kiingereza. Katika jamii ile, mzazi aliyemtarajia mtoto kubaki kijijini alimpa elimu moja, na shule ikawa inapima nyingine. Mtoto hakuwa mtupu. Chombo cha kupimia ndicho kilichokuwa kimetoboka.

Sasa nenda Kilifi uone mtu wa kwetu akishika chombo. Amina Abubakar, mwanasaikolojia wa Kenya, pamoja na wenzake walitengeneza kipimo cha maendeleo ya mtoto mchanga kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yale yale, wakakichapisha mwaka 2008 na kukiita kwa jina la Kilifi. Wengine wakaunda orodha za maneno ya kwanza ya mtoto katika Kigiriama na Kiswahili, badala ya kutafsiri zile za Kiingereza na kumuuliza mtoto wa Kigiriama kuhusu theluji. Leo Profesa Abubakar ni jina linalotajwa duniani katika fani hii, na ameongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan.

Tunacho kipimo cha Kigiriama. Cha Kikuria kiko wapi? Nani atakitengeneza? Mtu wa Boston? Hata akija kwa moyo mweupe kabisa, atahitaji mtu wa kumwambia mtoto wa Kikuria wa miaka mitatu anasemaje "nipe," na kwamba mtoto aliyenyamaza mbele ya mgeni mtu mzima amefundishwa adabu, hajakosa jibu.

La tatu ni kufundishwa, na hapa tunarudi Tanzania hii hii. Karibu na Bagamoyo, timu hiyo hiyo ya Sternberg ilifanya kazi na Watanzania, akiwemo Damaris Ngorosho, na matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliwapima watoto wa shule za vijijini, kisha wakawafundisha kwa muda mfupi, chini ya saa moja, mbinu za kupanga vitu makundi, kufikiri kwa hatua na kuuliza maswali. Wakawapima tena. Alama zikapanda. Chini ya saa moja, wadau! Mechi ya mpira ni ndefu kuliko hapo. Watoto waliokuwa wanaonekana hawana kitu walikuwa nacho, walikosa mtu wa kufungua mlango.

Jamaa yangu alinyimwa hiyo saa moja. Akapewa neno moja badala yake.

Na kwetu neno hilo lina bei. Mtoto wa kiume akiitwa mzito anapelekwa kwa ng'ombe au anavushwa mpaka na mizigo. Wa kike mambo ni mabaya zaidi. Kila mtu wa Tarime anajua Desemba ikifika kuna mabinti wanakimbilia nyumba salama kukwepa ukeketaji, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Binti anayeongoza darasani ana mwalimu wa kumtetea. Binti aliyetangazwa mzito ana nani? Mzee anasema, "Mwalimu mwenyewe amesema hana kichwa, ya nini kumpotezea muda?" Hapo ng'ombe wanahesabiwa.

Najua kuna atakayesema, "Wewe kijana umesoma ukachanganyikiwa. Shule hazina madawati, watoto hawali, wewe unataka kofia za umeme." Naomba nieleweke. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Karibu mmoja kati ya watatu. Udumavu hauishii kwenye urefu wa miguu, unakwenda sambamba na matatizo ya kujifunza. Tukijua njaa, minyoo au malaria inagusa uwezo gani na katika umri gani, tutajua uji uende kwa nani kwanza na dawa ianze lini. Anayetenganisha mambo ya tumbo na mambo ya ubongo ndiye aliyechanganyikiwa, maana mtoto anayo yote mawili kwa wakati mmoja.

Atatokea mwingine aseme wazungu tayari wanatufanyia. Ni kweli, na wengine wamefanya kazi nzuri sana, nimewataja hapo juu bila kinyongo. Lakini fikirieni hili. Kati ya mwaka 1955 na 1957, Robert na Barbara LeVine waliishi Kisii wakiandika malezi ya watoto katika jamii waliyoipa jina la Nyansongo. Ilikuwa sehemu ya utafiti mkubwa wa jamii sita za dunia, na unasomwa vyuoni hadi leo. Kisii ni jirani zetu, lugha yao na Kikuria ni ndugu. Robert LeVine alirudi miaka ya 1970, na kitabu kilichotoka mwaka 1994 kilionyesha kwamba mama wa Kisii, akilinganishwa na wa Boston, anaongea kidogo na mtoto mchanga ila anamnyamazisha haraka na kumweka karibu. LeVine aliona kwamba lengo la mama yule ni mtoto aishi kwanza, mambo mengine baadaye. Akawaonya wenzake wasiuite upungufu. Aliliona hilo kwa sababu alikaa sana. Wangapi wanakaa hivyo siku hizi?

Miaka karibu 70 imepita tangu Nyansongo. Wataalamu walipoyapitia majarida matatu makubwa ya saikolojia ya ukuaji wa mtoto ya mwaka 2006 hadi 2010, walikuta zaidi ya asilimia 90 ya waliochunguzwa wanatoka Marekani, nchi nyingine zinazoongea Kiingereza na Ulaya. Yaani wanaposema "mtoto," wanamaanisha mtoto wao.

Na tunapochunguzwa sisi, tunaingia kwa mlango gani? Haydom, kule Manyara, ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia lishe, magonjwa na ukuaji wa akili tangu utotoni. Hapa hapa Mara lilifanyika jaribio la EFFECTS, lililowakalisha akina mama na akina baba kujifunza lishe na malezi ya watoto wadogo. Kazi zenye maana hizo. Lakini mjini kwetu nina rafiki zangu wenye digrii ambao kila mradi ukija wanaitwa kuwa wadodosaji. Wanapewa kishikwambi, fulana na kofia, wanazunguka vijijini miezi minne, wanarudisha kishikwambi, wanabaki na kofia. Mradi ukiisha wanarudi kwenye duka la vocha. Wao ndio waliomwona mtoto usoni, wao ndio waliolifasiri swali kwa Kikuria papo hapo mlangoni, tena kila mmoja kwa namna yake! Maarifa hayo hayaandikwi popote.

Hapa simlaumu mfadhili. Najilaumu mimi na wewe. Tulipokuwa sekondari, aliyechukua PCB alikuwa anakwenda kuwa daktari, aliyechukua HGL mwanasheria, na aliyekosa vyote mwandishi wa habari kama mimi. Hakuna aliyetuambia kwamba unaweza kuajiriwa kujua kwa nini mtoto wa miaka minne anasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba mwalimu, mtu wa isimu, fundi wa umeme na mtu wa takwimu wote wana kiti katika kazi hiyo.

Nchi ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021 kwa kipindi cha hadi 2025/26. Jina refu, nia njema. Muhimbili inafundisha saikolojia ya tiba, Mlimani ina idara ya saikolojia ya elimu. Mbegu zipo. Na wala usidhani vifaa ni vya Ulaya tu: ile kofia ya mwanga imewahi kuvalishwa watoto wachanga wa kijiji cha Keneba kule Gambia, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 2014. Kama Keneba inawezekana, Tarime kuna laana gani?

Kwa hiyo nasema hivi. Mradi wowote unaokuja kupima akili za watoto wa Mara uondoke umesomesha watu wa Mara hadi shahada ya uzamili na uzamivu, na hilo liwe sharti la kibali, siyo fadhila. Kipimo kisichojaribiwa kwa Kikuria kisitumike kumhukumu mtoto anayeota ndoto kwa Kikuria. Mtoto aliyelazwa kwa malaria ya kichwani asiishie kuruhusiwa na panadol, aandikwe mahali ili akianza shule mwalimu ajue. Na mwalimu anayesema "mzito" mbele ya darasa aulizwe swali moja: umempima na nini?

Sisi wa magazeti tuache uvivu. Tunajua kuandika idadi ya waliofeli mtihani kila mwaka, hatuulizi waliopona degedege walikwenda wapi.

Tulipoagana, jamaa yangu alikuwa ameshawasha pikipiki. Akaizima tena. Akaniambia ana binti wa miaka sita, anaanza darasa la kwanza Januari. Mwaka jana alilazwa kwa malaria, akapata degedege kama baba yake. Nyumbani anaongea vizuri tu, kwa Kikuria, lakini kwa wageni ananyamaza.

"Huyo mtu wa kupima akili," akasema, "ukimpata mlete kabla ya Januari."

Nilimwahidi nitamtafuta. Nimeshapiga simu nne tangu nirudi, kesho naendelea. Wewe uliyeko kidato cha sita pale Tarime unayesoma haya kwenye simu ya kuazima, nakuomba ufikirie kuwa mtu huyo, maana wapo watoto wa Januari nyingine nyingi zinazokuja.

Ni hayo tu kwa leo.